Shikamoo Iliyoharibu Mnada

Mwaisha hajawahi kununua kitu dukani kwa roho safi. Akilipa bei iliyoandikwa, siku nzima anatembea kama mtu aliyeibiwa, na jioni ukimuuliza ana nini atakwambia, "Nimenunua trei, Mama Blessing," kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Lakini trei hiyohiyo akiipata mnadani, hata kama imebonyea, hata kama nauli ya basi iliyoileta imezidi bei yake, atacheka wiki nzima. Mimi ni fundi cherehani. Tunapanga nyumba moja hapa mtaa wa Kambarage, Shinyanga, baraza letu ni moja, na kicheko hicho nakijua kuliko anavyokijua mumewe.

Kazi yake ni keki. Za harusi, za kipaimara, za kumuaga bibi harusi, za watoto wanaotimiza mwaka na hawajui kinachoendelea. Anaoka kwa mkaa, moto chini na moto juu, ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga, na keki inatoka imeumuka vizuri kuliko za wenye majiko ya umeme, ambao umeme ukikatika wanabaki wanaitazama keki kama wanamwangalia mgonjwa. Nasema hivyo na sina sababu ya kumpendelea. Mimi ni Msukuma, baba yake alikuwa Mzaramo, na Msukuma hamsifu Mzaramo bure.

Mnada anaoupenda uko ndani ya simu. Dalali mmoja wa Geita, Swaleh, alifungua kundi la Watsapu akaliita Mnada wa Kiganjani. Kambi ya mgodi ikivunjwa, au hoteli ikifilisika, Swaleh anakwenda na simu yake, anapiga picha vyombo, anavirusha kundini baada ya sala ya alasiri. Mmoja anatia bei, mwingine anapanda juu yake. Bei ikisimama, Swaleh anatuma sauti akihesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mali imepata mwenyewe. Sheria yake ni moja tu. Ukishatia bei hakuna kurudi nyuma, na ukishinda ukaikataa mali, picha yako inawekwa kundini pamoja na maneno ambayo mama yako asingependa kuyasoma.

Ubaya wa Swaleh ni kwamba hatengi. Kwake karai ni karai. Kwa hiyo mle ndani waokaji wa keki na wachimba dhahabu wamekaa pamoja wanagombania vitu vilevile: huyu anataka karai la kukandia unga, yule wa machimbo ya Rwamgasa analitaka la kuoshea mchanga wa dhahabu. Siku moja Mwaisha alishinda mizani ya mnunuzi wa dhahabu kwa bei ya kutupa, akatamba mtaa mzima kwamba sasa atapima unga kwa kitaalamu. Mizani ikaja. Ndogo kama simu, imetengenezwa kwa ajili ya vipunje ambavyo ukipiga chafya vinapotea. Akaweka yai moja. Mizani ikaandika herufi ambazo hakuna aliyezielewa, ikazima, na mpaka leo haijawaka.

"Ilikuwa ya bei nzuri," alisema Mwaisha.

Ana chombo cha kuokea chenye umbo la moyo ambacho upande mmoja kimebonyea. Tangu akipate, maharusi wote wa Kambarage wanakata moyo uliopinda. Mama mmoja wa bibi harusi alilalamika, Mwaisha akamuuliza, "Kwani wewe mama, wa kwako umenyooka?" Mama akalipa, maana ndoa yake wote tunaijua. Ana pia katoni ya mishumaa ya bethidei ambayo yote, katoni nzima, ni namba saba. Mtoto akitimiza miaka mitatu anawekewa saba. Mwaisha anawaambia wazazi kwamba ni dua, ili afike.

Sasa, katika kundi lile alikuwemo mtu mmoja ambaye haoki wala hachimbi. Ni Mwigulu, mfugaji wa Samuye, baba mwenye ng'ombe wengi na haya kidogo. Aliingia kundini kwa sababu moja tu, kwamba Mwaisha yumo. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu zama za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi, na utani ukishakuwa wa kurithi haukwepeki. Baba yake Mwaisha alikuja Shinyanga na kazi ya reli, akaoa, akabaki. Hiyo ndiyo historia. Mwigulu anayo ya kwake: kwamba mzee alisinzia stesheni, treni ikamwacha, akaona aibu kurudi kwao kwa miguu.

Mzee huyo alipofariki, Mwigulu alikuja msibani, akachukua kofia ya marehemu akaivaa, akajilaza katikati ya mkeka wa wafiwa, akasema hainuki mpaka aletewe pilau ya nyama, kwa kuwa marehemu alikuwa mchoyo akiwa hai, huenda sasa amebadilika. Mwaisha alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu baba yake akate roho. Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka, na ilipoletwa sahani ya pilau waliila wote wawili. Kazi ya mtani ndiyo hiyo, na wala sioni nani mwingine angeiweza.

Mwigulu amemzidi Mwaisha kwa umri, tena kwa mbali. Kwa haki alistahili shikamoo. Alikuwa hajaipata hata siku moja. Kila Jumatatu anapokuja mjini kwa shughuli zake za ng'ombe anapitia barazani kwetu, na salamu yao ni hii:

"Wewe kupe, hujafa tu?"

"Nikifa nani atakula keki zako mbaya?"

Kisha anakaa kwenye benchi, anapewa kipande chake, anakula akilalamika mpaka sahani inang'aa.

Mnadani ilikuwa hivyohivyo. Mwaisha akitia bei, Mwigulu anapanda juu yake. "Naongeza elfu moja. Nina ng'ombe ana bethidei." Mwaisha anamtumia tusi la sauti, refu, lenye vituo. Mwigulu anaongeza tena. Wanapandishana, kundi zima linacheka, na Mwaisha akikaribia mwisho wake Mwigulu anajitoa: "Chukua, Mzaramo, nimekuonea huruma." Hakuwahi kukosea. Alikuwa anaujua mwisho wake kama anavyomjua ng'ombe anayetaka kupiga teke. Mimi nilikuwa naona ni upuuzi, kwa sababu utani ule ulimfanya Mwaisha alipe zaidi kila mara. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mnada bila Mwigulu ni duka tu.

Kisha bega likaanza.

Keki ya Mwaisha inapigwa kwa mwiko. Siagi na sukari, mkono wa kulia, mpaka vigeuke vyeupe. Halafu mayai, halafu unga. Fanya hivyo miaka yote uone. Nilianza kumuona anaanika nguo kwa mkono wa kushoto. Nikamuona anajifunga mtandio kwa taabu. Alipokwenda hospitali, daktari akamwambia aupumzishe mkono, na kwamba akiendelea kupiga keki atafika mahali hataweza kuinua hata kikombe cha chai. Akarudi, akakaa kwenye benchi la Mwigulu, akasema, "Basi, keki zimekwisha."

Tulijaribu. Alipiga kwa kushoto, keki ikatoka na mabonge. Mumewe, Ibrahimu, ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mikono kama nondo, akajitolea. Alipiga rojo lile kama anampiga mwizi, nusu ikapanda ukutani, na mpaka leo kuna doa jikoni kwao linalovutia sisimizi. Ile mashine ndogo ya kushika mkononi, ambayo nayo aliipata mnadani, ilitoa moshi siku ya kwanza. Ilikuwa ya bei nzuri.

"Mimi bila keki ni mke wa Ibrahimu tu," aliniambia. "Ibrahimu ni mtu mwema, Mama Blessing, lakini hatoshi kuwa kazi."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikaacha. Iliniuma. Mwanamke huyu nimemuona akikimbia na keki ya ghorofa tatu juu ya pikipiki, kwenye mvua, akiimba.

Akaniapisha nisimwambie Mwigulu.

"Atacheka," alisema.

"Si ndiyo kazi yake?"

"Mengine yote nimemruhusu. Hili bado."

Ikawa kila Jumatatu Mwigulu akija, Mwaisha anampa sahani kwa mkono wa kulia, meno yameumana, kwa sababu hapa kwetu kumpa mtu chakula kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na Mwigulu angeuliza. Akishaondoka, Mwaisha anakaa chini na kulikanda bega. Mimi naendelea kushona, mshono unakwenda upogo.

Halafu ile mashine ikatokea. Kambi moja kule Rwamgasa ilikuwa inafunga jiko lake, na Swaleh akarusha picha kwamba siku ya pili yake atainadi. Mashine ya kupigia keki ya kusimama chini, ndefu kama mtoto wa darasa la pili, chuma kitupu, bakuli lake unaweza kumwogeshea mtoto. Mwaisha aliitazama picha, akanikabidhi simu. "Nishikie, nitaidondosha." Ibrahimu akaitwa. Akaikuza picha kwa vidole, akasema mashine hiyo inakula umeme wa fezi tatu. Nyumbani hakuna. Kwenye karakana yake ya mageti upo.

"Basi nitapigia keki karakanani," Mwaisha akasema.

"Kwenye cheche?"

"Kwenye cheche."

Akachota fedha yake ya kikoba yote. Ibrahimu akaongeza malipo ya awali ya geti la mtu, jambo ambalo fundi mwenye akili hafanyi, na akalifanya bila kuombwa. Hapo nikakubali kwamba kweli ni mtu mwema.

Siku ya mnada tulikaa barazani, simu katikati yetu. Wa kwanza kupambana naye alikuwa Kudra, mwanamama mwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, huko Rwamgasa. Sauti za Kudra zote zina karasha nyuma likisaga mawe, kwa hiyo anapiga kelele hata akisema habari za asubuhi. Alitaka mashine akorogee marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao wao wanauosha tena wakiamini dhahabu ilibaki.

"Mashine ya keki ukorogee tope?" Mwaisha akamwambia. "Huogopi dhambi?"

"Dada, tope langu likikorogwa vizuri linatoa dhahabu," Kudra akajibu. "Lako linatoa nini? Kisukari!"

Wakapanda, wakapanda. Mwishowe Kudra akasema kwa bei hiyo ni bora atafute karasha la pili, akajitoa. Tukashikana mikono mimi na Mwaisha. Swaleh akakohoa tayari kuhesabu.

"Naongeza elfu kumi," ikaingia sauti ya Mwigulu. "Nataka mashine ya kuwanyweshea ndama maziwa."

Mwaisha akamtukana, akapanda. Mwigulu akaongeza, akisema ndama wake mmoja ameshaanza kupenda aisingi. Mwaisha akamwambia akajinyonge kwa mkia wa fahali, akapanda tena. Hapo akaiweka simu chini, akanitazama.

"Ndiyo mwisho wangu," akasema. "Sasa atajitoa."

Na kwa desturi angejitoa. Lakini Mwigulu alikuwa hajui habari ya bega. Hakujua kwamba geti la mtu limo ndani ya bei ile. Alilisikia tusi la mkia wa fahali, akaliona lina nguvu, akahesabu kwamba bado mtani wake ana pumzi ya kupanda mara moja. Akaongeza elfu kumi nyingine.

"Ya kwanza," akasema Swaleh.

Mwaisha akaichukua simu. Nikasubiri tusi, maana nilijua litakuwa la kihistoria. Hakusema. Aliandika, taratibu, kwa kidole cha mkono wa kushoto. Nilisoma nikichungulia begani kwake:

"Shikamoo Mzee Mwigulu. Hongera kwa mashine. Mimi nimefika mwisho wangu. Nakutakia matumizi mema."

Kisha mtu wa Kahama akaandika, "Jamani, kuna msiba?" Mwingine akaandika, "Poleni sana wafiwa." Wa tatu akaweka mikono ya dua. Ikaingia sauti ya Kudra, na kwa mara ya kwanza karasha lilikuwa limezimwa: "Dada, nani amefariki?" Tuliona Mwigulu anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Na Swaleh, ambaye hata juu ya kaburi angehesabu, akasema ya pili, ya tatu, mali imepata mwenyewe.

Mgeni atauliza kuna ubaya gani. Mwanamke amemwamkia mzee, amempongeza, amemtakia mema. Lakini watani wakitukanana ndiyo afya yao. Kumwamkia mtani kwa heshima ni kumfungia mlango taratibu, bila kuubamiza, na kumwacha nje kama mgeni. Mwigulu aliijua maana yake. Marahaba haikuja siku ile, wala kesho yake.

Jumatatu benchi likakaa tupu. Mwaisha alikuwa anafagia, anasimama, anaangalia barabara, anafagia palepale. Mchana akatoa vyombo vyake vyote vya kuokea, akaanza kuvipanga kwenye maboksi. Ule moyo uliopinda akaniletea.

"Wewe weka vifungo," akasema.

"Mwaisha, acha mambo hayo."

"Weka vifungo, Mama Blessing. Mimi nimekosa mashine na mtani kwa siku moja. Mashine naweza kusema haikuwa riziki. Lakini huyu mbwa wa Kisukuma, nitampata wapi mwingine?"

Akalia. Nikauchukua moyo, nikaweka vifungo, kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya.

Jioni ileile simu yangu ikaita. Mwigulu. Akaniamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mwadila, Mama Blessing. Niambie ukweli. Yule Mzaramo amekufa?"

Nikafikiri kidogo. Nilikuwa nimekula kiapo kwamba sitamwambia mtani wake. Lakini sikula kiapo chochote kuhusu kuongea na Msukuma mwenzangu kwa Kisukuma. Nikamweleza yote: bega, daktari, mabonge, geti la mtu. Nilipomaliza nikawa nasikia ng'ombe tu. Kisha akasema, "Wabheja," yaani asante, akakata simu.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, likaingia Fuso la kubeba ng'ombe mtaani kwetu kinyumenyume. Ndani kulikuwa na ng'ombe, na katikati ya ng'ombe imesimama ile mashine, imefungwa kamba pande zote, mavi yameifika kiunoni. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka Mwigulu amevaa suti yake nyeusi ya kuzikia watu, mikono kichwani, analia kwa sauti ya Samuye, ambayo imezoea kuita ng'ombe kutoka bonde la pili.

"Mayu wee! Mtani wangu! Umeniacha na nani?"

Kambarage wakisikia kilio hawaulizi, wanakuja. Wanawake walitoka wamejifunika khanga. Mama Generosa wa nyumba ya tatu alifika na gunia la mkaa la kupikia msibani. Vijana walikwisha anza kubishana turubai lifungwe upande gani. Ibrahimu akaja mbio kutoka karakanani, miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso.

"Nani amekufa?"

"Mkeo," akajibiwa.

"Huyu niliyemwacha anakunywa chai?"

Mwigulu alikuwa amekwisha jilaza chali kwenye mkeka wangu wa kukatia nguo, juu ya sare ya shule ya mtoto wa watu. Mwaisha akatoka ndani, kikombe mkononi, akasimama mlangoni.

"Mwigulu, inuka. Unanitia aibu."

Mwigulu akafumbua jicho moja. "Huyu mama mstaarabu ni nani?" akauliza watu. "Mimi nimekuja kumzika mtani wangu. Alikuwa na mdomo mchafu, Mungu amrehemu. Alikufa alasiri, mnadani, mbele ya watu. Tangu siku hiyo kuna mama mmoja wa heshima anatumia simu yake."

Watu wakaangua kicheko, na Mama Generosa akaanza kulitazama gunia lake la mkaa kwa majuto. Mwaisha hakucheka. Mwigulu akakaa kitako, akatoa simu mfukoni, akamnyooshea.

"Shikamoo yako hii hapa. Sijaiitikia, sijaitumia, iko vilevile. Ichukue."

Mwaisha akashuka ngazi ya baraza, akakaa pembeni mwa mkeka.

"Bega linaniuma, Mwigulu."

"Najua." Mimi nikawa nakagua sindano ya cherehani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo! Na wewe ungecheka. Sasa umekaa na maumivu yako miezi yote hiyo bila kucheka. Yamepungua?"

Mwaisha akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka mbele ya mtaa mzima na wala hakuyafuta. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Hawakusema kwamba kilio kingeletwa na Fuso.

Mwigulu akasimama, akapangusa suti, akatangaza kwamba mashine ile ni mateka wake, na kwamba haishuki mpaka ikombolewe kama desturi ya watani inavyotaka. Fidia haikuwa kuku wala pombe. Alitaka atukanwe.

Mwaisha akajikaza. "Wewe… mchunga ng'ombe."

"Hiyo ni kazi yangu. Jaribu tena."

"Mshamba."

"Hata mama yangu hunisema hivyo. Dereva, washa gari."

Dereva akawasha gari kweli. Hapo Mwaisha akapenga kamasi kwa ncha ya mtandio, akavuta pumzi. "Wewe kupe uliyevishwa suti!" akaanza. "Uliyezaliwa zizini ng'ombe wakaona aibu wakahama! Unanunua mashine ya keki, unajua hata kunawa?" Akaendelea. Alipitia ukoo wa Mwigulu kizazi kwa kizazi, na ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, na suti yake mfuko kwa mfuko. Mengine siwezi kuyaandika, mimi ni mama wa kwaya. Mwigulu alisimama amefumba macho, anatabasamu kama mtu anayemwagiwa maji ya uvuguvugu, na alipotosheka akainua mkono. Vijana wakaishusha mashine.

Fedha ya Mwaisha aliipokea, yote aliyokuwa amefika nayo mnadani, maana mtani si mjinga. Ile elfu kumi ya juu yake, iliyoletwa na mdomo wake mwenyewe, akaibeba. Alisema ni faini ya kutojua kuhesabu.

Sasa watu walikuwa wamekwisha kuja msibani, na waliokuja msibani hawaondoki bila kula. Mashine ikaoshwa mavi, ikasukumwa mpaka karakanani, Ibrahimu akaiunganisha. Ilipowashwa mara ya kwanza ilinguruma, ikarusha unga wote juu, Ibrahimu akageuka mweupe tangu miwani mpaka viatu. Mara ya pili ikatulia. Mwaisha alisimama mbele ya lile bakuli mikono imelegea, anatazama siagi na sukari vinageuka vyeupe vyenyewe, na alikuwa anaitazama kama anamtazama mtoto wake akitembea hatua ya kwanza. Mimi nikaenda kumwaga vifungo vyangu, nikauleta moyo. Mkaa wa Mama Generosa ukapata kazi.

Keki ilipoiva ilipakwa krimu, ikachomekwa mshumaa namba saba, na watu wakakaa juu ya mageti ya wateja kusubiri. Mwaisha akakata kipande cha kwanza, upande ule uliopinda, akakiweka kwenye sahani. Akamnyooshea Mwigulu kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote, bila kuficha kitu. Mwigulu akainuka, akakipokea kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa kidogo, kama mtu anavyopokea kwa mkubwa wake. Akauma, akatafuna, akasema imeungua.